Nina milioni 18 za kiinua mgongo, niwaze miaka 2 au miaka 20? Mnaamuaje wakuu

Mtoto wa Mbagala

Habari za jioni wakuu, naombeni mawazo ila msinicheke. Nina miaka 31, nilikuwa kwenye mradi wa wafadhili, mkataba umeisha mwezi uliopita na haujarudishwa. Nimepewa kiinua mgongo changu, nikitoa vimadeni vidogo inabaki kama mil 18. Mke anafundisha shule ya msingi, mtoto mmoja na mwingine yuko njiani. Tumepanga vyumba viwili.

Sasa kila mtu ana lake. Rafiki yangu anasema chukua gari, Toyota IST, weka kwenye app ya teksi, hesabu ya dereva inaingia kila wiki. Mke anasema kiwanja Mapinga au Vikindu tuanze msingi, tuachane na mwenye nyumba. Shemeji ananiambia kasome masters. Na kuna jamaa tuliyekuwa naye ofisini yeye anapiga stori za misindano (ile miti ya mbao, pine) ya Mufindi kila siku, anasema panda miti usahau, ukifika 50 unavuna.

Mimi lengo langu kubwa nikiwa na 50 nisimtegemee mtoto wangu kwa hela ya kula. Hilo najua. Ila kutoka hapa mpaka huko sioni njia, nikisema nawaza mbali naona kama naota, nikiwaza karibu naona nakula hela. Nyie mnajuaje kitu hiki ni cha muda mrefu kweli na sio maneno tu?

Fundi Umeme TMK

Mkuu kwa bongo hii unapanga miaka 20, mimi umeme wa luku nanunua wa buku mbili mbili 😂😂

Ila serious, IST. Hela inayozunguka ndio hela. Hayo mengine utayafanya ukiwa na hela.

Mama Wawili

Fundi umeme usimdanganye mwenzio. IST yenye plate namba E kwa mil 14 au 15, anayeendesha ni nani? Kama ni yeye mwenyewe basi amejinunulia ajira, sio mbaya, ila aseme hivyo. Kama ni dereva ndio tunaanza, wiki ya kwanza hesabu kamili, wiki ya tatu "bosi gari imelala kwa fundi", shokapu, tairi, bima, gearbox. Baada ya miaka minne una gari imechoka unaiuza nusu bei na hela za wiki wiki zilishaliwa kwa sababu zinakuja kidogo kidogo, hela ya namna hiyo haina adabu, inaishia kwenye chipsi na vocha.

Sijasema gari ni mbaya jamani. Nasema kila wiki lazima utoe kitu uweke pembeni cha kununua gari nyingine, na sijawahi kuona mtu wa mtaani kwangu anafanya hivyo.

Mnyalu wa Mafinga

Nimeona mmetaja misindano nikasema ngoja nichangie maana ndio maisha yetu huku. Itakuwa ndefu kidogo mnivumilie.

Kwanza niseme miti ni dili la kweli, sio stori. Watu wa Dar walikuja sana kununua mashamba Mufindi, Kilolo, Njombe mpaka Makete, na kuna waliofaidika. Ukipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 eka moja inabeba miche kama 450. Unapanda mvua zikishakaa vizuri, Desemba au Januari. Miaka miwili ya mwanzo unapalilia la sivyo majani yanaimeza miche, mbele ya hapo unapogolea matawi ya chini ili gogo litoke bila mafundo, na kila mwaka kabla ya kiangazi kukolea lazima usafishe njia za moto kuzunguka shamba. Hiyo ya njia za moto ndio watu wa mbali wanaisahau. Moto huku unaanza mtu anaandaa shamba lake la mahindi kule bondeni, upepo ukigeuka jioni hiyo eka 20 za mtu zimebaki vijiti vyeusi. Kwahiyo hilo neno "panda usahau" mwambie huyo jamaa yako alifute kabisa.

Sasa nije kwenye swali lako. Mti wa mbao nzuri unataka miaka 18 hivi, hata serikali kwenye shamba lake la miti la Sao Hill wanavuna kwa umri huo. Lakini nenda barabarani huku uone magogo yanayobebwa, mengi ni ya miaka 8, 9, 10. Unene wa paja. Yanapelekwa kwenye dingidongi, vile vimashine vya kupasulia mbao, yanatoa mbili kwa mbili na mbili kwa nne nyembamba, mbao changa hizo zinapinda hata kabla hazijafika Dar, na mnunuzi anajua ndio maana anatoa bei ya kutupa. Mwenye shamba anajua kabisa akisubiri miaka mingine 8 angepata mara kadhaa ya ile hela. Anajua! Sio mjinga. Alipanda akiwa anawaza mbali kuliko sisi wote humu.

Kilichomkatisha ni mtoto kachaguliwa kidato cha tano hana nauli wala godoro, au mama kalazwa, au kuna msiba. Hana hela nyingine popote. Kitu pekee chenye thamani alichonacho ni ile miti, anakuja dalali anasema nakupa cash leo, anakata.

Kwahiyo mimi huwa nawaambia watu wanaokuja kuuliza mashamba, usiniambie una hela ya kununua eka ngapi, niambie una hela ya kutougusa huo mti. Kama una mil 18 ukinunua miti ya mil 18, nakuhakikishia utaivuna changa. Ukinunua ya mil 4 na nyingine ikawa inakulisha na kukutibu mpaka huko mbele, hiyo utaivuna imekomaa.

Mtoto wa Mbagala

Mnyalu nimesoma mara mbili. Hiyo ya hela ya kutougusa mti imeniingia kwakweli, sikuwahi kuifikiria hivyo, mimi nilikuwa naona kuwaza mbali ni kuitoa hela yote machoni ili nisiile.

Niongezee taarifa, mke take home yake ni kama laki sita na kitu, kodi laki na nusu. Tunakula kwa mshahara wake kwa kubana sana. NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) nimechangia kama miaka sita, kuna mtu kaniambia nipambane niitoe niongezee mtaji. Mnaonaje?

Ticha wa Darasa la Saba

NSSF kaa nayo mbali mdogo wangu. Pensheni ya kila mwezi unaipata ukifikisha michango ya miezi 180, na wewe ushaweka kama 72. Kuna mpango wa waliojiajiri, unaendelea kuchangia mwenyewe kidogo kidogo. Ukitoa leo unaanza sifuri ukiwa na 31, alafu unakuja hapa kutuuliza utakula nini ukizeeka.

Ila na mimi nikupe upande wa pili wake, maana nimebakiza miaka mitatu nistaafu na nimeona wenzangu. Sisi wa utumishi tulipanga maisha juu ya mkupuo, ile hela ya mara moja unayopewa ukistaafu. Mwalimu anaajiriwa anasema nyumba nitajenga na kiinua mgongo, kila kitu kiinua mgongo. Chukua mfano mtu wastani wa mshahara wake mil 1.2 na amefanya kazi miezi 360. Kwa hesabu ya zamani ya PSPF, uliokuwa mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ile ya 1 kwa 540 na nusu kwa mkupuo, alikuwa anaondoka na kama mil 74. Likaja kikokotoo kipya (hesabu mpya ya mafao) 2018, kelele zikawa nyingi, Magufuli akasimamisha mwezi wa 12 mwaka huohuo, tukapumua. Julai 2022 likaja la mkupuo wa asilimia 33, mtu yuleyule mshahara uleule anapata mil 37 hivi. 2024 wakapandisha ikawa 40 kwa sisi tuliokuwa kwenye 50, ni kama mil 44 na nusu.

Sasa niseme ukweli maana watu wanalaumu bila kupiga hesabu, pensheni ya kila mwezi yenyewe ilipanda, kwenye ile ya zamani mfano huu ulikuwa laki 4 kwa mwezi, kwenye ya 33 ni karibu laki 5. Ukiishi sana huenda hujapunjwa. Lakini aliyekuwa amepanga kujenga na mil 74, laki 5 ya mwezi haimsaidii kupaua. Nina wenzangu wana miaka 59 wanaishi nyumba za kupanga na michoro ya ramani iko kabatini.

Mimi nilijenga kidogo kidogo tangu 2009, tofali za wiki, wenzangu waliniona mshamba. Sio kwamba nilijua kikokotoo kinakuja, sikuwa nakiamini tu kitu ambacho namba yake anaipanga mtu mwingine.

Mama Wawili

Mwalimu umeongea ila hapo kwenye kujenga kidogo kidogo tusimpe moyo sana. Panda gari kutoka Tegeta mpaka Bagamoyo hesabu mapagale. Msingi mil 5, boma mil 8, alafu mtu anakwama kwenye kupaua miaka saba, popo wanakaa bure na yeye analipa kodi Sinza. Hela imekaa kwenye tofali haizai, haitibu, ukitaka kuiuza dalali anakuambia pagale sio nyumba.

Mwalimu alikuwa na mshahara wa uhakika kila tarehe 23, huyu hana kazi.

Mkuu wa Kuponi

Nilikuwa nasoma kimya ila mmefika kwenye eneo langu. Mnatafuta kitu kirefu ambacho katikati kinakulipa? Hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali inakulipa riba, BoT (Benki Kuu) wanauza kwa mnada, kuanzia miaka 2 mpaka 25. Kima cha chini ni mil 1. Unaenda benki au kwa dalali wa soko la hisa, unafunguliwa akaunti ya CDS inayotunza hatifungani zako, unajaza fomu. Riba inaingia kila baada ya miezi sita kwenye akaunti yako ya benki, huhitaji kumpigia dereva simu.

Mfano ukiweka mil 10 kwa miaka 25. Zile za kabla ya Aprili 2022 zilikuwa na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, yaani 797,500 kila miezi sita. Aprili 2022 wakashusha ikawa 12.56, inakuwa 628,000. Toka hapo riba zimekuwa zikibadilika kwahiyo angalia tangazo la mnada wenyewe usiangalie screenshot za WhatsApp. Cha muhimu, ukishanunua ya kwako riba yako haibadiliki mpaka iishe. Waliobeba za 15.95 bado wanakula 15.95 leo.

Na mfumuko wa bei miaka hii ya karibuni umekaa kwenye asilimia 3 na kitu, kwahiyo hata ile 12 na nusu sio kwamba unapigwa. Ukibanwa sana unaweza kuiuza kwenye soko la hisa la Dar (DSE) kabla ya muda, bei inategemea riba za wakati huo, unaweza kupata zaidi au pungufu.

Ila dogo mil 18 zote usiweke huku. Hela ya dharura weka UTT, wale wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja, mfuko wa Ukwasi, unauza vipande siku chache za kazi hela iko benki. Mimi hata mafuta ya gari natoa humo hahaha.

Fundi Umeme TMK

laki 6 kwa miezi sita mkuu?? hiyo si laki moja kwa mwezi, mimi nawaya nyumba moja chumba sebule napata zaidi 😂

Mkuu wa Kuponi

Na mwezi ambao umevunjika mguu ukadondoka kwenye dari unapata ngapi?

Fundi Umeme TMK

umeshinda

Dada wa Ruwi

Assalaam alaykum. Mie nipo Maskati mwaka wa tisa huu, nimesoma yote. Mmeongea hela tupu, hamjaongea watu. Mipango mirefu ya kwetu inavunjwa na ndugu kabla haijavunjwa na kikokotoo.

Mie nilipoanza kazi nilikuwa natuma nyumbani hela ya kiwanja na hela ya matumizi kwa mtu mmoja, kwa njia moja. Hapo hakuna mpango hata ungekuwa na akili ya waziri wa fedha, kwa sababu tatizo la leo lina mdomo, linakupigia simu usiku linalia, na lengo la miaka 20 halina mdomo. Sikatai kusaidia, wazazi ni wazazi. Ila sasa nimetenga. Hela ya familia inajulikana kiasi na inakwenda tarehe yake, ikiisha imeisha. Hela ya malengo inakwenda akaunti yenye jina langu na hakuna anayejua ipo ngapi ila mie na mwanangu mkubwa.

Jengine, mpango uandike na mkeo. Yeye anataka nyumba, wewe unasikiliza miti, shemeji yako anataka usome. Huyo mke ndiye anayekulisheni sasa hivi kwa mshahara wake, kwanini sauti yake iwe sawa na ya rafiki wa ofisini? Kaeni muulizane mtoto wa kwanza akifika kidato cha nne nyie mtakuwa na miaka mingapi, mnaishi wapi, nani anaumwa kwa wazee. Mie nilipochora hivyo niliona mwaka ambao watoto wawili watakuwa sekondari kwa pamoja na mama yangu atakuwa kashapita 75. Mwaka ule unanitisha kuliko uzee wangu, na ndio ninaouwekea akiba kwanza.

Na huyo wa kuponi aongeze, shilingi nayo inatembea. 2022 nikibadilisha rial moja nilikuwa napata kama elfu 6, 2024 ikakaribia elfu 7. Kwa mie mtumaji ni furaha, kwa mwenye mpango wa shilingi wa miaka 25 na vitu vyake vya kutoka nje, akumbuke.

Kijana wa Nakuru

Wadau poleni kuingilia, mimi ni jirani kutoka Kenya. Huku mambo ni yale yale tu, ploti na Sacco. Nataka kuongeza tu kwamba hata bondi inaweza kukatwa changa kama hiyo miti ya Mafinga. Februari 2024 serikali yetu ilitoa bondi ya miundombinu ya miaka 8 na nusu, riba 18.46 na haikatwi ushuru. Walikuwa wanatafuta bilioni 70, wakaletewa zaidi ya bilioni 280. Kila mtu kwa ofisi alikuwa anaongea hiyo tu. Kuna beshte yangu alitoa akiba yote akaweka huko, hata karo, akasema hii nafasi haitarudi. Karo ilipofika alikimbilia mkopo wa simu. Yaani ana bondi tamu sana lakini anakula madeni ya kila siku na riba yake ni mbaya kuliko ile anapata.

So bro wa Mbagala, masters nayo mmeiruka. Kama kazi yako ni ya miradi, karatasi inaweza kukupandisha ngazi, lakini uliza wenye walipata ile kazi unaitaka walikuwa na nini. Usiulize shemeji.

Mtoto wa Mbagala

Wakuu nimerudi. Nimekaa na mke jana mpaka saa sita usiku, tulichora kama alivyosema dada wa Ruwi (shikamoo dada). Mwaka mbaya kwetu ni ule wa kwanza akiingia form one huku wa pili yuko chekechea na mama yangu kashastaafu ana sukari. Sikuwahi kuuona huo mwaka, nilikuwa naiona 50 tu.

Mpaka sasa tulichokubaliana ni hiki, mil 5 inakaa Ukwasi, haiguswi mpaka nipate kazi au mtu augue. Mil 7 hatifungani ya muda mrefu kama mnada ukiwa mzuri, zile riba za miezi sita tumeziandika jina la mtoto kabisa. NSSF naendelea kuchangia mwenyewe kidogo. Masters nimeweka pembeni, nimeuliza watu watatu niliowahi kufanya nao kazi, wawili hawana hiyo masters na ndio mabosi. Kiwanja mke kakubali kusubiri lakini kasema nisimwambie tena habari ya IST.

Inabaki kama mil 6, hapo ndio hatujaelewana. Mimi nataka mil 3 au 4 niweke kwenye miti na hizo riba zilipe palizi na njia za moto, yeye anasema riba tushaandika mtoto, na shamba la mbali ni shamba la jirani. Mnyalu hapo unanisaidiaje, nani anaangalia?

Mnyalu wa Mafinga

Mkeo ana akili sana, msikilize. Shamba bila mtu wa kuliangalia ni bora usinunue. Wengi huku wanamlipa mwenyeji wa kijiji hichohicho, na wenye akili zaidi wanampa na sehemu ya mavuno ili moto ukitokea akimbie kuzima kama wa kwake. Na kamwe usinunue kwa picha, wala kwa mtu anayekupeleka moja kwa moja kwa muuzaji bila kupita ofisi ya kijiji. Mipaka uitembee kwa miguu na majirani wote wakiwepo, muandikishane mbele ya serikali ya kijiji.

Halafu madalali watakuambia njoo mwezi wa pili. Usije mwezi wa pili, kila kitu kijani hata jiwe linaonekana lina rutuba. Njoo mwezi wa tisa kumekauka, uone wapi moto ulipita mwaka huu, uone mto gani bado una maji, uone barabara lori linafika wapi, na uulize mashamba yaliyoungua ni ya nani na kwanini hayakupandwa tena. Mje wote wawili na mkeo. Nauli za kuja kuangalia ni ndogo kuliko hilo shamba.

Na mkija mbebe makoti, sio visweta vya Dar vile.

Mama Wawili

Mke wa Mbagala kama unasoma, ile mil 6 ingia nayo kwenye mkoba wako mpaka huo mwezi wa tisa ufike 😄